Mtu Aliyekuwa Jiwe la Mizani

Wapo watu unaowakumbuka kwa sura, na wengine kwa maneno yao. Huyu mimi namkumbuka kwanza kwa mlio wa kamba. Ilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye gogo la mninga, na kila siku ya gulio pale Vihingo, alipokaa kwenye ubao wake, ililia mara mbili: mara ya kwanza alipoketi, mara ya pili alipoinua miguu kutoka ardhini. Ikishalia mara ya pili watu walinyamaza, maana hapo soko limefunguliwa.

Jina lake silitaji. Hata wakati ule hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mpimaji, ingawa ukiwa mkweli hakuwa akipima kitu. Yeye ndiye aliyekuwa jiwe.

Ngoja nieleze, maana wenye mizani za saa, zile zenye mshale, watadhani natunga. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mimi nilikuwa mchuuzi. Nilinunua makopa, mihogo iliyokaushwa, kwa wakulima wa Vihingo, nikampelekea tajiri mmoja wa Mlandizi mwenye duka na lori. Tajiri yule alileta mizani ya chuma. Wakulima wakaitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeingia msikitini na viatu.

"Chuma hiki nani anakijua baba yake?" aliuliza bibi mmoja mwenye shamba kubwa kuliko yote pale. "Sisi tunataka uzito tunaoujua."

Uzito waliokuwa wakiujua ulikuwa umekaa palepale, unajipepea kwa kofia. Alikuwa mtu mnene kuliko wote upande ule wa Kisarawe, na mwaminifu kuliko wote pia. Wake walioachika waliweka mali zao kwake. Ndugu waliogombea minazi walikubali akisema. Tena alikuwa amepandishwa siku moja kwenye mizani ya mizigo ya stesheni ya Soga, kwa mzaha tu, mbele ya mashahidi wawili, na karani akasoma: frasila saba kamili, kama kilo mia na kumi za leo. Basi wazee wakakata shauri. Likatundikwa gogo, ubao huku, ubao kule. Mpimaji akae upande mmoja, magunia yapangwe upande wa pili, gogo likilala sawa umepata "Mpimaji mmoja", yaani frasila saba, na mkulima alipwe frasila saba. Mizani ya chuma ikarudi Mlandizi kwenye lori, aibu yake nayo.

Mimi si mtu wa kuamini gogo. Siku ya kwanza nilipima kwa debe kilichomo kwenye magunia ya Mpimaji mmoja: debe tisa. Nikarudia: tisa. Nikaridhika.

Uaminifu wake ulikuwa wa kuchosha. Kabla ya kupanda alivua makubazi, akavua koti, akatoa mfukoni tasbihi na kikopo cha ugoro, vyote akavipanga juu ya mkeka ili kila mtu avione. Asubuhi ya gulio hakuwa anakula kitu, hata maji hakunywa. "Nikila kitumbua," alisema, "kitumbua hicho nimemwibia mkulima." Aliwahi kukatisha soko zima kwa sababu alikumbuka kwamba amefunga mshipi wa ngozi ndani ya kanzu. Akaomba radhi, akaingia nyuma ya kichaka, akautoa, na gunia lililokuwa kwenye ubao likapimwa upya. Tofauti ilikuwa kama konzi moja ya makopa. Mkulima aliyerudishiwa konzi ile alilia machozi.

Lakini magunia ya mwisho yakishapimwa, Bismillahi. Sijaona mtu akila kama yule. Hakula kwa pupa, hapana, alikula kwa utulivu, kama mtu anayelima shamba lake mwenyewe na hana haraka. Sinia la wali wa nazi la watu wanne lilimwishia yeye, na akikaribia mwisho alipunguza mwendo, kwa huruma. Alikuwa na kauli zake. "Mtu mwembamba ana siri." "Jiwe halitoki jasho. Mimi natoka jasho, kwa hiyo mimi ni mkweli kuliko jiwe." Na hii aliyoipenda zaidi: "Nyama ya mwili ni amani iliyokaa pamoja."

Kwetu hiyo haikuwa porojo. Ukirudi safari watu wakakuambia umenenepa, unasema alhamdulillah. Ukikonda wanakuuliza nani anakuroga. Kwa hiyo Mpimaji alipoendelea kunenepa, kijiji kizima kilifurahi kana kwamba mvua inanyesha.

Nami nilifurahi, kwa sababu zangu. Mwaka wa nne nilitoa debe tena, nikapima. Mpimaji mmoja, debe kumi na nusu. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Kumi na nusu. Wakulima walikuwa wanalipwa frasila saba, na mimi nilikuwa naondoka na zaidi ya nane.

Nitasema sasa jambo nililolinyamazia miaka mingi. Tangu siku ile sikwenda Vihingo mikono mitupu. Nilimchukulia Mpimaji kichwa cha mbuzi, nikamchukulia samli ya chupa, halua iliyofungwa kwenye ukindu. "Shikamoo mzee, kitu kidogo hiki," nilisema. "Marahaba, mchuuzi, wewe una moyo," alijibu, akapokea kwa mikono miwili. Sikuwa na moyo. Nilikuwa nalisha mizani.

Alikuwa na mambo mawili yasiyokaa pamoja. Mtu huyu aliyejiweka mbele ya macho ya soko zima, hakupenda mtu amguse kifuani. Ukimkumbatia siku ya Idi, alikupa bega. Na mtu huyu mwenye kupenda kunyamaza, akianza kupanda kile kilima kati ya nyumba yake na gulio, alikuwa na maswali mengi kuliko hakimu. Anasimama, anakuuliza hali ya mama yako. Hatua ishirini, anasimama tena, anataka kujua kama nguruwe wameingia kwenye mihogo. Hatua kumi na tano, anaonyesha ndege. Tambarare hakuuliza kitu. Niliwahi kuhesabu vituo vile. Mwaka nilioanza kufuatana naye havikuwapo. Miaka miwili baadaye vilikuwa vinne. Mwaka ule wa debe kumi na nusu vilikuwa kumi na kimoja, na katikati ya maswali yake nilisikia kitu kifuani mwake, kama mtu anayepuliza moto kwa mbali.

"Mzee, tupumzike?"

"Umechoka wewe?" akasema. "Vijana wa siku hizi!"

Sasa aingie dresa. Alikuwa Mnyamwezi, mganga msaidizi wa zahanati ya karibu, mtu mkavu, mwenye baiskeli na mfuko wa ngozi. Na kila mtu anajua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani, kukuvua kofia, kukutabiria kifo, nawe huruhusiwi kukasirika. Unajibu, watu wanacheka, mmezidi kupendana. Hawa wawili walikuwa burudani ya gulio.

"Ewe Mzaramo!" dresa alikuwa akipaza sauti kabla hajashuka kwenye baiskeli. "Bado hujafa tu? Nimeshamwambia mke wangu, huyu akifa hatuchimbi kaburi, tunachimba kisima!"

"Utachimba na nani, Mnyamwezi? Baba zako walikuja pwani wamebeba pembe za tembo vichwani. Wewe utanibeba mimi, kazi ya ukoo hiyo!"

Watu walijipigapiga mapaja.

Siku moja bucha lilichinja fahali wa yule tajiri, fahali aliyefugwa kwa kulishwa tu, hakuwahi kuburuta hata kuni. Dresa alikuwapo, nami nilikuwapo, na Mpimaji alikuwa amekaa kwenye kigogo akingoja utumbo wake. Dresa akaomba moyo na kisu. Moyo ule ulikuwa umevikwa mafuta ya manjano kama kanzu. Akaupasua katikati juu ya jani la mgomba.

"Njoo uone mwenzio, Mzaramo," akasema. "Uone ndugu yako wa kulishwa."

"Mpikie mkeo," akasema Mpimaji, lakini akasogea.

Dresa akaingiza kidole upande wa kushoto. "Ukuta huu ndio unaosukuma damu mwili mzima. Mwili ukiwa mdogo, kazi ndogo. Ukijiongezea mwili, umeuongezea moyo mitaa mipya ya kupelekea maji, na ndoo ni ileile. Moyo nao unafanyaje? Unanenepa na wenyewe, kama bega la hamali. Ukuta unakuwa mzito hivi. Mjinga atasema, ala, moyo wenye nguvu! Lakini tazama chumba cha ndani kinavyobanwa. Ukuta mgumu haukunjuki vizuri kupokea damu. Na hamali naye ana siku yake ya kuchoka. Siku hiyo ukuta unalegea, unatanuka kama kiriba kikuukuu, damu inakwama nyuma yake. Maji yanaingia kwenye mapafu. Yanashuka miguuni. Mtu anazama nchi kavu, Mzaramo, hata mto hakuuona."

Nzi wakatua juu ya moyo ule. 

Kisha Mpimaji akasema, "Basi nikizama, wewe utakuwa umeshanyongwa na baiskeli yako," na bucha zima likaangua kicheko, mwenye bucha akalazimika kuweka shoka chini. Dresa naye akacheka. Angefanyaje? Mtani akikuambia utakufa, amekuamkia tu. Sisi sote tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa nimemtazama Mpimaji na nimeona kwamba ameshika kifua chake, kile asichotaka kiguswe.

Tulirudi naye pamoja. Kwenye kituo cha tatu cha kilima hakuuliza habari za nguruwe.

"Mchuuzi," akasema. "Mpimaji mmoja siku hizi ni debe ngapi?"

Nilijifanya nakaza ukanda wa kubazi langu.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe unahesabu. Nakuona ukihesabu mpaka vituo vyangu."

"Kumi na moja, mzee," nikasema. "Na kidogo."

"Ilikuwa tisa."

"Tisa."

Akapumua. Ule moto wa mbali ulikuwa karibu sasa. "Basi nimewaibia."

Hapo ndipo mimi, mtu wa kupatana bei, nilipofanya kazi ninayoijua. Nikamwambia mambo hayo hupunguzwa polepole. Ale sinia nusu. Aache samli. Mwaka huu ashuke kidogo, mwakani kidogo, hata gogo lisijue. Au twende Soga akapimwe upya, tuseme frasila zake mpya, tuanze ukurasa mwingine.

"Nikipimwa upya," akasema, "kila mtu atauliza jana nilikuwa ngapi. Na juzi. Wale walioniamini kwa makopa, ndio walioniamini kwa mali zao na minazi yao. Nikisema nilikosea hapa, wataanza kufukua kule." Akafuta jasho. "Na nikikonda kimyakimya, itakuwa nimekonda kwa kuficha. Mtu mwembamba ana siri, mimi nilisema."

"Mzee, dresa alisema moyo."

"Dresa ni mtani."

Ndivyo alivyochagua. Nilimwelewa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Kati ya moyo wake na jina lake alikuwa ameweka gogo, na jina likashuka chini kwa uzito. Safari iliyofuata sikumpelekea samli. Aliniuliza kwa upole kama mbuzi wa Mlandizi wamekufa. Safari ya pili nilimpelekea. Tajiri wangu alikuwa amenisifu kwa mzigo mzuri, ingawa mizani yake ya chuma ilinipunguzia kama kawaida yake.

Alifika debe kumi na mbili. Makubazi yakamkataa, miguu ilikuwa imefura, ngozi inang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Wanawake wakapiga vigelegele siku aliyopanda ubao akiwa na miguu ile. "Mzee amestawi!" walisema. "Mtazameni, hata miguu imejaa neema!" Kamba ililia, na kwa mara ya kwanza haikunyamaza, iliendelea kulalamika kidogokidogo, kwa sababu aliyeketi juu yake alikuwa anatikiswa na pumzi zake mwenyewe.

Dresa alifika na baiskeli. Tukageuka sote, tayari kucheka. Alisimama mbele ya ubao, akatazama miguu ile, akatoa kwenye mfuko mpira wake wa kusikilizia, akaupeleka kifuani. Mpimaji akampa bega, dresa akauzungusha mgongoni. Alisikiliza huku. Akasikiliza kule. Sisi tulingoja kisima, tulingoja pembe za tembo.

Dresa akavua kofia. "Shikamoo, mzee wangu," akasema. "Nakuomba ushuke."

Hakuna aliyecheka. Nimeishi muda mrefu na nimesikia habari mbaya nyingi, lakini sijasikia iliyonigandisha kama shikamoo ile. Mnyamwezi kumwamkia Mzaramo kwa heshima, mbele ya soko! Bibi yule mwenye shamba kubwa akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Mpimaji naye alielewa. Niliona macho yake yakimtafuta dresa usoni, yakitafuta utani mahali pale alipozoea kuukuta, yasiupate. "Marahaba," akasema, taratibu. Kisha akasema, "Yamebaki magunia sita."

"Mzee wangu, hayo magunia..."

"Watu wametoka mbali."

Akakaa. Tukapima magunia sita, gogo likapanda na kushuka, na mimi ndiye niliyekuwa nayapakia kwenye lori.

Hakupanda tena. Binti yake aliyeolewa Tangini, upande wa Kibaha, alikuja kumchukua kwa gari la mkaa. Gulio likabaki na gogo lisilo na mtu. Tajiri akarudisha mizani yake ya chuma, na ajabu, wakulima hawakulalamika hata kidogo. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Nilikwenda Tangini miezi kadhaa baadaye. Nilikuwa nimechukua kuku, kisha njiani nikamgawa, kwa sababu sikujua tena nampelekea mtu chakula kwa nia gani. Binti akanipokea uani. Alisema baba halali. Si kwamba hana usingizi, hawezi kulala chini. Akilala chali anakohoa kama mtu aliyemeza maji. Anasinzia amekaa. Dresa huja kila juma kwa baiskeli, mbali kote kule, analeta dawa ya kutoa maji, amekataza chumvi. Wanazungumza kwa adabu kama mashehe wawili. "Mimi ningependa watukanane," akasema yule binti.

Mpimaji alikuwa ameegemezwa kwenye magunia mawili ya mpunga. Mabega yalikuwa yamekonda, mifupa inaonekana, uso umekuwa wa mtu mwingine, lakini tumbo na miguu vilikuwa vilevile, vizito, kana kwamba mwili umegawanywa na watu wawili wasiopatana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mikono mitupu leo?"

"Mitupu, mzee."

"Afadhali." Akapumua, maneno matatu, pumzi, maneno matatu. "Bibi wa Vihingo alikuja. Juzi."

"Yule mwenye shamba?"

"Huyo. Alikuja kuniomba radhi." Akaanza kucheka, kicheko kikamkata, binti akamwinua mabega mpaka kikatulia. "Anasema walijua. Wote. Tangu mwaka wa tatu. Gunia lililokuwa linatosha, likawa halitoshi, watu wana macho. Sasa watamwambia mzee amenenepa? Hiyo si lawama, ni sifa! Basi wakawa wanayanyunyizia makopa maji usiku wa kuamkia gulio. Kadiri ninavyozidi mimi, nao wanazidisha maji. Anasema hawakupoteza kitu. Anasema hata walizidi kidogo."

Nikaanza kuhesabu kichwani. Miaka ile yote mzigo wangu ulikuwa unapungua ukifika Mlandizi, na miaka ile yote niliamini ni tajiri ananipunja kwa mizani yake ya chuma. Kumbe nilikuwa nabeba maji ya Vihingo kuyapeleka juani, na debe langu nalo lilidanganyika, maana kopa likinywa maji huvimba. Samli, halua, vichwa vya mbuzi, vyote nilivilipia ili nishinde, na sikushinda hata debe moja.

"Alikuwa anacheka?" nikauliza.

"Alicheka. Nami nilicheka." Akafumba macho. "Akaondoka. Ndipo nikafikiri. Mchuuzi, hakuna mtu niliyemwibia."

"Hakuna, mzee."

"Siku ile kwenye kilima ningeweza kushuka ubaoni, na jina langu lingebaki."

Nilikuwa nimejiandaa tangu Mlandizi kumwomba radhi kwa yale niliyomlisha. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, nimeyarudia njiani. Nikaanza: "Mzee, mimi zile samli..."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nazipenda. Niinue miguu, inaning'inia."

Nikapiga magoti, nikaishika miguu yake, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, nikaipandisha juu ya kigoda. Ilikuwa baridi, mizito kuliko nilivyotegemea, na laini kwa namna ambayo mguu wa mtu haupaswi kuwa. Nilipoondoa mikono, vidole vyangu vilibaki. Vishimo kumi kwenye ngozi, vitano huku, vitano kule, wazi kama mtu aliyefinyanga udongo akauacha.

Mpimaji alivitazama. Mimi nilivitazama. Binti akaleta maji ya kunawa, tukazungumza habari za mpunga, za mvua, za nani ameoa. Nilipoaga, mzee akanipa bega. Mlangoni niligeuka, nikaangalia kigoda. Vishimo vilikuwa havijajaa bado.